Kombucha ya Mia Nne Hamsini na Busaa Iliyomwagwa

Wasee, leo sina klipu. Leo ni kusoma, tena ni ndefu kidogo, kwa hivyo tafuta mahali ukae.

Wiki mbili zilizopita niliitwa kwa mkahawa mmoja hapa Nairobi kutengeneza kontenti. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: onja vinywaji vya afya mbele ya kamera, kunja uso, kisha tabasamu. Kulikuwa na juisi ya mboga, maji ya tangawizi, na chupa ndogo ya kombucha. Kombucha, kwa wale hawajakutana nayo, ni chai yenye sukari ambayo imeachwa na bakteria na hamira mpaka ikachacha. Bei ya chupa moja ilikuwa shilingi 450. Nilikunywa ya bure, msinione vibaya.

Nikaonja. Manze! Ilikuwa chachu, ina kagesi kanachoma pua, na huko mwisho kuna utamu umejificha. Dada wa mkahawa akaniuliza, "Ni mara yako ya kwanza?" Nikataka kusema ndiyo, lakini ulimi ulikataa. Huo uchachu naujua. Nimekua nao. Ni uchachu wa kibuyu kilichokuwa kinakaa pembeni ya jiko la Kukhu wangu kule Bungoma.

Nilipotoka nje nikampigia simu.

"Kukhu, kuna watu huku wanauza chai iliyochacha."

"Chai iliyochacha? Si wamwage."

"Wanauza chupa moja mia nne hamsini."

Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hiyo ni nusu ya kuku, papa." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaongeza kwa ile sauti yake ya chini, "Yangu walimwaga."

Simu ilikatika, ama aliikata. Lakini hayo maneno mawili ndiyo yamenifanya nikae wiki mbili nikisoma mambo ya zamani badala ya kuhariri video. Nataka niwaambie nilichopata, kwa sababu nadhani wengi wetu tuna Kukhu kama wangu na hatujawahi kumuuliza.

Kwanza niseme yaliyotokea. Kukhu alikuwa anapika busaa. Sisi Wabukusu tunaiita kamalwa. Mtaani kwetu watu wangesema yeye ni mama pima, na hilo jina si la heshima. Nikiwa darasa la nne, chifu alikuja asubuhi na askari tawala watatu. Walipindua madramu mawili nyuma ya nyumba. Busaa ilitiririka kahawia mpaka kwenye mboga, kuku wakaja kunywa, na sisi watoto tukacheka kuku walipoanza kuyumba. Kukhu hakucheka. Alilala seli usiku mmoja, akatozwa faini, akarudi kwa miguu. Kesho yake shuleni wenzangu waliniita "mtoto wa mama pima", na badala ya kuwakasirikia wao, nilimkasirikia yeye. Hiyo ndiyo sehemu inayonisumbua mpaka leo. Karo ya babangu ilitoka kwa hayo madramu. Na pesa ya muhula wangu wa kwanza chuo kikuu, ile niliyoacha njiani, ilitoka kwa ng'ombe aliyenunuliwa na hayo madramu.

Kwa hivyo swali langu lilikuwa dogo tu: chifu alipata wapi mamlaka ya kumwaga chungu cha mama wa watu?

Jibu ni la zamani kuliko nilivyodhani. Kabla ya Mzungu, pombe ya nafaka ilikuwa chakula, malipo na sala kwa pamoja. Ukitaka majirani wakusaidie kulima, unapika pombe, wanakuja na majembe. Ukitoa mahari, kuna pombe. Kwetu, kijana anayeenda jandoni, Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, ndiye huteka maji ya kutengenezea busaa ya sherehe yake. Wazee hukaa kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, lusekhe, wakinyonya na kuamua kesi za mashamba. Na hakuna mtu alikuwa anakunywa kila siku, kwa sababu nafaka yenyewe ilikuwa wimbi na mtama, na mavuno yakiisha, pombe pia imeisha. Mahindi ambayo leo tunadhani ni yetu tangu Adamu yalikuja pwani na Wareno, na huku magharibi yalienea sana wakati wa ukoloni.

Kisha ukaja ushuru. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya kila nyumba. Pesa itatoka wapi? Wanaume walienda kwa mashamba ya walowezi na kwa reli. Wanawake wengi waligeukia kitu walichokijua tayari: kuchachusha. Pombe ikatoka kwa sherehe ikaingia sokoni. Hapo ndipo serikali ilipoanza kuiona kama shida, maana mlowezi alitaka mfanyakazi afike shambani Jumatatu asubuhi akiwa macho makavu.

Mwaka 1912 ilitungwa sheria ya mamlaka ya wenyeji, ambayo iliwapa machifu nguvu ya kutoa amri katika maeneo yao. Moja ya mambo waliyoruhusiwa kuzuia ni utengenezaji wa pombe ya kienyeji. Soma tena huo mwaka. 1912. Baada ya uhuru sheria haikuzikwa, ilibadilishwa jina tu ikawa Sheria ya Machifu, na zile nguvu za kuzuia pombe zikabaki ndani. Kwa hivyo huyo chifu aliyesimama kwa mboga za Kukhu na buti zake, hata kama hakujua, alikuwa anatekeleza kitu kilichobuniwa ili walowezi wapate vibarua.

Mjini mambo yalikuwa ya kuchekesha zaidi, kama una roho ya kucheka. Kule Afrika Kusini, mji wa Durban ulikuwa umegundua ujanja kuanzia mwaka 1909: wapige wanawake marufuku kupika, halafu manispaa yenyewe ipike na kuuza, na faida itumike kulipia gharama za kuwasimamia Waafrika hao hao. Nairobi ikaiga. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 manispaa ilifungua ukumbi wake wa pombe Pumwani. Mama wa Pumwani akipika nyumbani, ni mhalifu. Manispaa ikipika, ni huduma. Unaona vile pombe haikuwa shida? Shida ilikuwa nani anashika pesa.

Na angalia kalenda. Mwaka 1922, wakati huo huo, ndugu wawili Waingereza walianzisha kampuni ya bia hapa Nairobi, ile ambayo baadaye tuliijua kama Kenya Breweries. Mmoja wao, George Hurst, aliuawa na tembo mwaka 1923 akiwa mawindoni, na ndiyo maana bia yao ikaitwa Tusker na ina picha ya tembo mpaka leo. Hadithi hiyo tunaijua sote, inasimuliwa kwa baa. Kile hakisimuliwi ni kwamba hadi miaka ya 1940, Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa. Bia ya chupa ilikuwa ya wenye nchi. Yaani babu zetu walinyimwa yao, na pia wakanyimwa ya Mzungu.

Hapo ndipo ladha ilipogeuka kuwa cheo. Ukikatazwa kitu miaka mingi halafu ukaruhusiwa, utakinywa ukionekana. Uhuru ulipokuja, mtu aliyeendelea alikunywa chupa. Aliyebaki nyuma alinyonya mrija. Hatukuhitaji tena Mzungu wa kutuambia busaa ni uchafu, tulijiambia wenyewe.

Kwa muda baada ya uhuru kulikuwa na vilabu vya busaa vyenye leseni, na wazee watawaambia vilivyojaa Jumamosi. Moi alipoingia Ikulu mwaka 1978, vilabu hivyo havikudumu. Mwaka 1980 ikaja sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Na hapa lazima nitenganishe vitu viwili, kwa sababu watu huvichanganya kimakusudi. Busaa imechachushwa tu. Kilevi chake ni kama cha bia ya kawaida au chini yake. Chang'aa ni hiyo pombe iliyochachushwa ikachemshwa, mvuke ukakusanywa ukatoneshwa, na hiyo ni kali. Unapofunga vilabu vya busaa, mnywaji haachi kunywa, anahamia kitu kidogo, kikali, rahisi kuficha. Huwezi kuficha dramu la lita 200 chini ya kitanda. Chupa ya chang'aa unaweza. Kwa maoni yangu, marufuku ndiyo ilisukuma watu kutoka kwa pombe laini hadi kwa kali.

Matokeo tunayajua. Mwaka 2000, pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa sababu glasi ilikuwa shilingi kumi, iliua watu zaidi ya 100 Nairobi. Ilikuwa na methanoli, ile spiriti ya viwandani. Methanoli hiyo haikutoka kwa chungu cha nyanya ya mtu. Mtu aliimwaga ndani ili pombe iwe kali haraka.

Serikali ikafikiria. Mwaka 2004 ikaja bia ya keg ya bei rahisi, na ili iwe rahisi serikali ikaipunguzia kampuni ushuru. Hoja yao ilikuwa kwamba maskini wapate kitu salama. Baadaye keg ikaanza kutengenezwa kwa mtama, wakulima wakapata soko, na hilo ni jambo jema, silipingi. Mwaka 2013 ushuru uliporudishwa, bei ikapanda, mauzo yakaanguka, na baadaye wakasamehewa tena. Lakini hebu tulia uone hiyo picha vizuri. Kampuni kubwa ikichachusha mtama na kuuza kwa maskini, inasamehewa ushuru. Kukhu akichachusha wimbi na kuuza kwa maskini wale wale, analala seli. Niambie tofauti iko wapi, isipokuwa lebo na mhasibu.

Mwaka 2010 ilipita sheria ya kudhibiti vileo, ile tunayoiita sheria ya Mututho. Wengi wanakumbuka masaa ya kufungua baa. Wachache wanakumbuka kwamba iliondoa ile marufuku ya 1980. Kwa karatasi, chang'aa ikawa halali, bora utengeneze kwa leseni, kwa viwango, na uiuze kwa chupa. Sawa. Lakini mama wa kijijini atatoa wapi chupa za kiwandani, maabara na pesa ya leseni? Mlango ulifunguliwa, ila kizingiti kikawekwa juu kama ukuta. Kukhu alimwagiwa busaa yake baada ya sheria hiyo, si kabla.

Sasa nisije nikaonekana mlevi mwenye digrii ambayo hata hakuimaliza. Utafutaji wangu haukuishia kwa pombe. Niligundua kwamba nchi hii imejaa vinywaji vilivyochacha, vingine havina kilevi cha kusemeka, na tunavipita kama matatu iliyojaa.

Kuna mursik ya Wakalenjin. Maziwa yanawekwa kwa kibuyu ambacho ndani kimesuguliwa kwa mkaa wa mti maalum, yanalala siku kadhaa, yanatoka mazito yenye michirizi ya kijivu. Ndiyo hiyo wakimbiaji hunyweshwa wakishuka ndege na medali. Ladha yake ni ya moshi na uchachu, na mara ya kwanza utaogopa rangi. Kuna mala, ambayo jina lenyewe ni maziwa lala, yako kwa kila duka na bado watu wanalipa mara tatu kwa yogati yenye picha ya beri ambazo hawajawahi kuona. Kuna muratina ya Agikuyu, asali au maji ya miwa yanachachushwa kwa tunda la mti wa muratina lililokaushwa, na bila hiyo kuna wazee hawatakaa chini kuzungumza ruracio. Hiyo ina kilevi, heshimu. Kuna mnazi wa pwani: mgema anapanda asubuhi na jioni, anakata ncha ya ua ambalo halijafunguka, utomvu unadondoka kwa kibuyu. Ukiupata mapema ni mtamu kama juisi. Ukingoja ni pombe. Ukisahau ni siki. Kinywaji kimoja, maisha matatu, yote bila kiwanda.

Na kuna uji wa kuchacha, huo wa kibuyu cha Kukhu, ambao ndio kombucha ilinikumbusha. Huu hauna uchawi. Unaloweka unga wa wimbi au mtama kwa maji, unauacha siku mbili au tatu, bakteria wa kuchachusha wanakula sukari na kutoa asidi, na ile asidi inawazuia wadudu wengi wabaya kustawi. Halafu unaupika. Uchachu huo pia hupunguza vitu kwenye nafaka vinavyoshika madini ya chuma, kwa hivyo mwili unayapata kwa urahisi zaidi. Wimbi likichipuzwa kwanza likawa kimea, uji unakuwa mwepesi hata mtoto mdogo anaumeza na bado una nguvu. Nyanya zetu walijua haya yote bila darubini. Walijua kwa kuangalia mtoto gani amenona.

Lakini nimeahidi kuwaambia ukweli, na ukweli una pande mbili. Kitu kuwa cha mababu hakukifanyi dawa. Mwaka 2013 watafiti walichapisha vipimo vya mursik wakaonyesha kwamba nyingine ilikuwa na asetaldehaidi ya kutosha kuleta wasiwasi, na hiyo inahusishwa na saratani ya umio, ugonjwa ambao umesumbua sana watu wa Bonde la Ufa na magharibi. Busaa ikipikwa kwa mahindi yenye ukungu inaweza kubeba sumukuvu, na kuchachusha hakuiondoi yote. Na pombe ni pombe. Kukhu mwenyewe alizika kijana wake wa pili, na sitasema zaidi ya hapo, ila haikuwa malaria. Alikuwa anauza, na alikuwa anajua anauza nini. Ndiyo maana hakuwahi kumuuzia mtu aliyekuja asubuhi.

Kwa hivyo simwambii mtu yeyote aanze kunywa. Ninachosema ni hiki: kama shida ingekuwa afya, tungekuwa na mtu wa kaunti anayemtembelea mama wa busaa kumfundisha kuchagua mahindi safi, kuosha madramu, kupima kilevi, na kumpa leseni ya bei anayoiweza. Leseni za vileo ziko mikononi mwa kaunti tangu katiba mpya. Wanaweza kuanza kesho. Badala yake, kwa zaidi ya miaka 100, mpango umekuwa mmoja: mwaga.

Jumamosi iliyopita nilipanda basi la usiku kwenda Bungoma. Nilibeba chupa moja ya kombucha, hiyo niliinunua na pesa yangu. Kukhu aliinusa, akaonja kwa kijiko, akakunja uso.

"Si mbaya," akasema. "Lakini imeharakishwa."

Nikamwomba anifundishe uji wa kibuyu. Tukakaa jikoni. Akanionyesha vile unaacha kidogo chini ya kibuyu kila mara, ndiyo iwe mbegu ya ule unaofuata, na vile kibuyu hakioshwi kwa sabuni hata siku moja. Busaa hapiki tena tangu siku ile. Madramu yake sasa yanakinga maji ya mvua.

Nilikuwa nimeamua nitamwambia ana kwa ana. Nikamwambia, "Kukhu, chuo niliacha. Mwaka jana. Ile pesa yako…"

Hakuinua kichwa. "Nilijua Desemba. Babako aliniambia."

"Na hukusema kitu?"

"Nilingoja uje mwenyewe. Koroga, unashika chini."

Nikakoroga. Nilitaka pia kumwomba msamaha kwa ile siku ya darasa la nne, vile nilimkasirikia yeye badala ya wale waliomwaga. Nilijaribu nikashindwa, mambo kama hayo hayana maneno mazuri kwa Kibukusu changu kibovu. Mwishowe nikamuuliza tu kama angependa kupika tena, siku moja, kwa leseni, na mimi nikishughulikia karatasi.

Alifikiria muda mrefu. "Leseni ni pesa ngapi?"

Sikujua. Hiyo ndiyo kazi yangu ya wiki hii: nitaenda kwa ofisi za kaunti niulize, mama mmoja mwenye madramu mawili analipa nini na anatakiwa kuwa na nini. Jibu nitakaloletewa nitaliandika hapa, liwe zuri au baya.

Nyinyi fanyeni moja tu. Mpigie nyanya yako, cucu, dani, kogo, susu, vyovyote mnavyomwita kwenu. Muulize alikuwa anachachusha nini. Muulize pia kama kuna siku walikuja wakamwaga.